Ndimu, Liwa na Uso Wangu: Niliyoyapitia kwa Vidoa Vyeusi Hapa Amu

Wanawake wa Amu, yaani Lamu, tumelelewa tukiamini kwamba dawa ya uso iko jikoni. Liwa, kile kijiti cha manukato cha kusaga, ipo, ndimu ipo, manjano yapo, asali haikosekani, na yai ni la kutumana dukani. Mimi nami nilianzia huko vidoa vyeusi viliponijaa puani na kidevuni. Sasa wasichana wa mtaani wakiniona uso umetulia huniuliza nimepaka nini, na nikiwajibu kwa neno moja nawadhulumu, kwa sababu katika vitu nilivyopaka vimo vilivyonifaa, visivyofanya lolote, na kimoja kilichoniachia alama kwa miezi.

Vidoa ninavyovisema si chunusi zile nyekundu zenye usaha. Haviumi wala haviwashi. Ukivibinya hutoka uzi mfupi wa mafuta yaliyoganda, mweupe chini na mweusi nchani. Hukaa zaidi puani, kidevuni na kwenye paji la uso, kwa kuwa huko ndiko ngozi inakotoa mafuta mengi.

Jambo ambalo ningependa kulijua tangu mwanzo ni hili: weusi ule si uchafu. Kila kitundu cha ngozi hutoa mafuta yake, na ndani yake ngozi iliyokufa hubanduka kila siku. Vikichanganyika vikakwama, huwa kizibo. Mdomo wa kitundu ukiwa wazi, kizibo kile hukutana na hewa na rangi ya ngozi yenyewe, kikawa cheusi, kama ndizi iliyomenywa ikaachwa mezani. Kwa hiyo mtu hawezi kukisugua kikatoka, hata asugue mpaka damu. Nimeona wasichana wakikwangua pua kwa dodoki kila asubuhi kwa kudhani wanaondoa taka, na mama zao wakiwakemea kuwa hawaogi vizuri. Lawama hiyo huumiza moyo, na haina msingi.

Mimi nakaanga mahamri na viazi karai pale mtaa wa Langoni. Alfajiri mpaka saa tatu niko mbele ya karai, na mvuke wa mafuta hunitua usoni. Juu ya hayo, tangu utotoni nilipakwa mafuta ya nazi kichwani mpaka yakachuruzika kwenye paji la uso, na yaliyobaki mkononi yakamaliziwa mashavuni. Na maji ya kisima chetu cha uani yana chumvi, sabuni haitoki povu vizuri, uso hubaki umekakamaa na utando juu yake. Ukikakamaa nikauongeza mafuta ya nazi. Nilikaa hivyo miaka mingi bila kuunganisha mambo haya.

Kitu cha kwanza nilichojaribu kilikuwa ute wa yai. Unapaka ute, unabandika tishu juu yake, unapaka tena, unangoja ikauke uibandue. Kubandua kule kunaridhisha, nakubali. Ukitazama tishu unaona vijitu, unafurahi. Lakini vile ni vinyweleo vya usoni, ngozi kavu ya juu, na vichwa vya vizibo vilivyokatika. Chini kizibo kimebaki, na baada ya siku chache pua ni ile ile. Ngozi ya kando ya pua ikawa nyekundu na nyororo kupita kiasi, ikaanza kuwashwa na jasho. Yai bichi nalo si kitu cha kupaka karibu na midomo, maana linaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Vile vibandiko vya pua vinavyouzwa madukani hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, ila ni ghali zaidi.

Ndimu na sukari ndiyo iliyonipa somo kubwa, na hapa nataka msomaji wangu asikilize kwa makini.

Khala yangu, Mungu amhifadhi, ndiye aliyeniambia. Alisema, "Kata ndimu nusu, ichovye sukari, sugua pua na mashavu mpaka sukari iyeyuke. Itakuwasha kidogo, vumilia." Alikuwa na nia njema, na yeye mwenyewe aliambiwa hivyo na wakubwa zake. Nilisugua asubuhi moja, nikaosha kijuujuu, nikavaa buibui, nikashuka gatini kupanda boti kwenda Mokowe, ng'ambo bara, kupokea mzigo wa unga. Tulichelewa kupata mzigo. Nilirudi jua la mchana likiwa juu ya maji, uso wazi.

Siku hiyo sikuona kitu. Kesho yake jioni mashavu yakaanza kuwaka, na siku ya pili yake yakatoka malengelenge madogo madogo puani na kwenye shavu la upande uliokuwa unatazama jua. Watu waliniuliza kama mafuta ya karai yameniruka. Hata mimi nilidhani hivyo, au pengine nimekula kitu. Malengelenge yalipokauka yaliacha mabaka meusi, na mabaka yale yalikaa miezi na miezi. Arusi tatu zilipita mtaani nikikaa nyuma karibu na jikoni, nikijitolea kupakua pilau ili nisikae ukumbini. Nililia pia, usiku, kwa sababu nilikuwa nimetoka kutafuta pua safi nikapata uso wenye ramani.

Baadaye ndipo nilipoelezwa kilichotokea. Ndani ya maji na ganda la ndimu mna kemikali ambazo zenyewe kwenye ngozi hazina neno. Zikipigwa na mwanga wa jua ndipo huunguza. Kuungua kwake huchelewa, siku moja mpaka tatu, na ndiyo maana watu hawaishuku ndimu. Ndimu zetu hizi ndogo za kijani zina kemikali hizo kuliko limau. Mara ngapi umemwona muuza sharubati ana madoa meusi vidoleni na juu ya kiganja? Mengine chanzo chake ni hicho. Ngozi nyeusi ikijeruhiwa, hata jeraha dogo, huzidisha rangi pale palipoumia, na rangi ile huondoka taratibu sana. Kwa mtu anayeishi kisiwani, jua la juu na jua linalorudi kutoka majini, ndimu usoni ni hatari ya kweli.

Tena ni kali yenyewe kwa yenyewe. Ngozi ya uso ina uchachu mdogo, kipimo chake cha pH, ambacho namba ikishuka uchachu huzidi, ni kama 5. Ndimu iko kwenye 2 na kitu. Sukari nayo punje zake zina ncha, zinachanja, halafu uchachu unaingia kwenye mchanjo. Ukiniuliza ni kitu gani kimoja cha kuacha leo, ni hiki.

Nilivyojaribu baada ya hapo navipitia haraka kwa kuwa havina mengi. Dawa ya meno hukausha na kuunguza, haitoi kizibo. Baking soda ni kinyume cha ndimu, pH yake inapita 8, huvua kinga ya ngozi na uso ukabaki mkavu unaopasuka. Manjano na asali vilinituliza kidogo zile chunusi zenye wekundu, asali ina nguvu ya kuzuia vijidudu, lakini vidoa vyeusi havikujali, na manjano yalinitia rangi mto wa kulalia. Kuna watu manjano huwawasha pia, kwa hiyo jaribu mkononi kwanza. Shubiri hupoza ngozi iliyochomwa na jua, basi. Maji ya mwarobaini niliyaacha kwa harufu yake kabla sijajua kama yanafaa.

Kujifukiza kuna faida ndogo ya kweli. Mvuke haufungui vitundu, maana vitundu havina mlango wa kufungwa na kufunguliwa, ila hulainisha mafuta yaliyoganda. Kitambaa safi kilichochovywa maji ya vuguvugu kinatosha. Kuinamia sufuria inayochemka ukiwa umejifunika leso ni kutafuta ajali, hasa nyumba yenye watoto wanaokimbia.

Kubinya nako nakuonya. Ukibinya kwa kucha, nusu ya kizibo hutoka na nusu husukumwa chini, kitundu kikapasuka ndani, na kidoa kisichouma kikageuka chunusi inayouma na kuacha baka. Eneo la pua na juu ya mdomo halifai kuchezewa kwa vidole vichafu, maana maambukizi ya hapo mara chache sana huweza kwenda pabaya.

Sasa liwa. Hapa moyo wangu uko upande wake, na sitaki mtu asome haya akadhani nasema tuitupe. Bibi yangu alikuwa na msio wake, kipande cha jiwe la matumbawe kilicholainika kwa miaka ya kusagiwa. Alimimina matone ya marashi ya mawaridi, akasugua kijiti cha liwa mpaka ukatoka uji mzito wa manukato, akatupaka usoni baada ya adhuhuri. Uso ulipoa. Joto la kaskazi likapungua makali. Mpaka leo nikitoka kwenye karai nasaga liwa yangu, na nikikaa nayo kidogo nahisi nimerudishiwa heshima ya mwili wangu baada ya kazi.

Lakini kwa vidoa vyeusi, nilipaka kwa muda mrefu na kwa nia safi, havikuondoka. Ikikauka hunyonya mng'aro wa mafuta wa juu, uso ukaonekana umetulia, kisha mafuta yakarudi. Hilo si kosa la liwa. Kazi yake ni kupoza na kunukisha, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Ukitaka kuipaka, saga kijiti chenyewe kwa maji safi. Unga ulio tayari kwenye mifuko mara nyingi huwa umechanganywa na mengine, na marashi mengine yana manukato makali yanayowasha uso. Usiikwangue ikikauka, irowanishe kwanza. Na singo ya maarusi, yenye karafuu na viungo vikali, iishie mwilini. Karafuu huchoma ngozi ya uso.

Kipindi kile cha mabaka ndipo nilipoletewa krimu. Kopo dogo, halina orodha ya vilivyomo, nikaambiwa litafuta mabaka kwa wiki. Mtoto wa khala yangu alikuwa akilitumia, na kweli uso wake uling'aa ukawa mweupe. Nilikuwa karibu kulipaka. Kilichonizuia ni kumwona alipojaribu kuliacha ghafla: uso ulifura wekundu, chunusi zikatoka kila mahali, mishipa midogo ikaonekana mashavuni. Krimu nyingi za namna ile huwa na steroidi, ambazo hupunguza unene wa ngozi na zenyewe huleta chunusi. Nyingine zina zebaki au haidrokwinoni, kemikali ya kufuta rangi ya ngozi, na vipodozi vyenye vitu hivyo vimepigwa marufuku Kenya kwa miaka mingi, lakini bado hupenya. Zebaki huingia mwilini na kudhuru figo. Kopo lisilosema lina nini usilipake, hata likitoka kwa ndugu.

Mwishowe nilikwenda Malindi, kwa shangazi yangu, ili nionwe na mtaalamu wa ngozi. Boti mpaka Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen. Ukijumlisha nauli ya kwenda na kurudi, ada ya kuonwa na dawa, zilikaribia shilingi 6,000, na mimi nilikuwa nimezikusanya kwa mahamri. Niliona ni nyingi mpaka nilipofikiria mayai, asali, vibandiko na poda za kuficha nilizonunua kabla ya hapo.

Mama aliyeniona alikuwa mtu mzima, mpole. Alinitazama uso kwa lenzi yenye taa, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Kichwani unapaka nini, mwanangu?" Nikamwambia nazi. Akaniuliza nalala nimefunga nywele au la. Akaniuliza kazi yangu. Akanieleza kuwa mafuta ya nazi ni mazito kwa uso wenye mafuta, huziba vitundu kwa watu wengi, na kwamba mvuke wa karai unaongezea. Hakunicheka kwa ndimu. Alisema anaona mabaka ya ndimu mara kwa mara.

Akanipa jambo jingine lililoniondolea mzigo. Baadhi ya vidoa puani mwangu havikuwa ugonjwa. Vile vidogo sana vya kijivu, vilivyopangana sawasawa, ni njia za kawaida za mafuta. Kila mtu anavyo. Ukivikamua hujaa tena ndani ya mwezi, kwa sababu ndivyo ngozi ilivyoumbwa. Nilikuwa nimepigana na pua yangu kwa kitu kisichohitaji vita.

Kwa vile vizibo vya kweli alinieleza kwamba kinachotakiwa ni kitu kinachoweza kuingia ndani ya mafuta. Asidi ya salisiliki inayeyuka kwenye mafuta, ndiyo maana inafika kitunduni ambako ndimu na asali hazifiki. Inauzwa duka la dawa bila cheti, katika sabuni au losheni, ya kiwango cha 0.5 mpaka asilimia 2. Akaniandikia pia jeli ya adapalini ya asilimia 0.1, ya usiku tu, ambayo huzuia ngozi iliyokufa isigandamane ndani ya kitundu. Chupa ya sabuni ilinigharimu shilingi 1,500 hivi na ilidumu kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Mwanzo alitaka nisipake kitu, mpaka ngozi ipone. Kisha sabuni mara moja kwa siku, na jeli usiku mmoja nipake, usiku mmoja niache, kiasi cha punje ya kunde kwa uso mzima uliokauka. Wiki za mwanzo uso ulibanduka, na vidoa vikaonekana kama vimeongezeka. Hapo ndipo wengi huacha, na mimi nilitamani kuacha. Aliniambia mapema kuwa hali hiyo ingekuja, na kwamba matokeo yaangaliwe baada ya wiki 8 mpaka 12. Ilikuwa kweli. Katikati ya mwezi wa tatu tangu nianze nilipitisha kidole puani nikahisi ulaini ambao sikuukumbuka.

Mambo mawili kuhusu jeli hiyo. Mwenye mimba, au anayetafuta mimba, asiipake, na amwambie mtaalamu ampe kingine. Na inaifanya ngozi iogope jua zaidi, kwa hiyo mafuta ya kujikinga na jua, ya kiwango cha kinga (SPF) 30 kwenda juu, ni lazima kila asubuhi. Mafuta hayo ndiyo yaliyosaidia mabaka ya ndimu kufifia, kwa sababu jua huyakoleza kila yanapotaka kuondoka. Chagua yale mepesi yaliyoandikwa kuwa hayazibi vitundu. Kwa chunusi zenye usaha nilipewa benzoili peroksaidi, nayo hufuta rangi ya kitambaa. Iliniharibia leso mpya, nikaumia. Ipake ukiwa umevaa nguo nyeupe au ya zamani.

Mengine niliyobadilisha hayakunigharimu. Mafuta ya nazi yamebaki nyweleni tu, na usiku nafunga kichwa ili yasishuke usoni. Maji ya kisima naogea mwili, uso naosha kwa maji ya mvua tunayoyakinga au maji baridi ya mtungi yasiyo na chumvi. Nikitoka kwenye karai naosha uso kabla sijakaa kupumzika, bila kusugua. Mtoto wa khala yangu, yeye huvaa ninja, kile kitambaa cha kufunika uso, na chunusi zake zilikuwa zimejipanga kidevuni pale kitambaa kinapogusa. Alipoanza kuibadilisha na kuifua kila siku, na kuchagua pamba badala ya kitambaa kinachobana jasho, kidevu kilipoa. Krimu ya kopo aliacha taratibu kwa msaada wa mtaalamu, maana ukiikatiza ghafla ngozi hulipuka.

Vidoa vyangu havijaisha milele. Nikiacha jeli kwa muda mrefu vinaanza kurudi, hasa miezi ya kaskazi, na nimekubali kuwa huu ni utunzaji wa kuendelea. Sasa napaka mara chache kwa wiki.

Juzi mpwa wangu alikuwa akiandaliwa kuolewa, na mama zake walitaka kumsugua uso kwa ndimu na sukari siku mbili kabla ya arusi. Nilikaa nao. Tulikubaliana kwamba singo ipakwe mwili mzima isipokuwa uso, na uso upakwe liwa ya kijiti iliyosagwa kwa maji, ambayo tulimjaribishia nyuma ya sikio wiki nzima kabla. Hakuna kipodozi kingine kipya kilichogusa uso wake mwezi ule. Yule anayejiandaa na ana vidoa, aanze sabuni ya salisiliki miezi mitatu kabla, na kama fedha ni kidogo anunue hiyo na mafuta ya kujikinga na jua kwanza, jeli isubiri.